Mpiga piano hufunzwa, hazaliwi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Pengine waliona si lazima kuongeza kwamba kabla ya kutunzwa mtu sharti afunzwe kucheza, na kwamba anayefunzwa sharti awe na kitu cha kuchezea. Nimelitafakari neno hilo tangu Jumamosi moja jioni, hapa mtaani Njiru, nilipokuwa nikirudi nyumbani kando ya Barabara ya Kangundo.

Malori ya mawe yalikuwa yakitoka matimboni na kutimua vumbi kama ilivyo ada. Katikati ya kishindo hicho nilisikia kinanda kikilia ndani ya kanisa la mabati. Hakikuwa kikiandamana na kwaya wala ngoma. Kilirudia kifungu kimoja kifupi, kikakosea, kikaanza upya, kikakosea tena palepale. Mimi ni mwalimu wa miaka mingi na ninaijua sauti ya mtu anayejifunza. Nikachungulia mlangoni.

Aliyekuwa akipiga ni msichana wa Gredi ya 9, angali amevaa sweta ya shule. Alikuwa akijaribu kipande cha Chopin alichokisikia katika simu ya mamake. Kinanda cha kanisa hilo kina vitufe 61, ilhali piano kamili ina 88. Kila mkono wake wa kushoto ulipotaka kuteremkia sauti nzito zaidi, kinanda kilikuwa kimekwisha. Nilimwuliza ni nani anayemfunza.

"Najifunza kwa simu, mwalimu," akajibu. "Lakini simu hainiambii nikikosea."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, kuna shule ya kusomea hii?"

Kabla sijatamka neno, mamake, ambaye huuza mboga jioni karibu na steji, alifika kumchukua. Aliposikia tuliyokuwa tukizungumza alicheka kidogo, kisha akaniuliza kwa heshima lakini bila mzaha: "Mwalimu, wewe ndiwe uliyesoma. Hicho kinanda kitaleta unga?"

Maswali hayo mawili, la binti na la mama, ndiyo ninayotaka kuyajibu leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Hoja yangu ni moja. Mpiga piano hazaliwi, hufunzwa. Kwa hiyo nchi isiyoweka mwalimu wa muziki na chombo cha muziki katika shule ya umma haina haki ya kusema kwamba watoto wa mitaa kama Njiru hawana kipawa.

Tuanze na ala yenyewe, maana wengi wetu huiona kwa mbali tu. Piano ilibuniwa na fundi Mwitaliano, Bartolomeo Cristofori, mjini Florence yapata mwaka wa 1700. Ndani yake mna nyuzi za chuma zaidi ya 200, na kila kitufe kinapobonyezwa huinua nyundo ndogo inayozigonga. Mpigaji akibonyeza kwa upole sauti hutoka nyororo; akibonyeza kwa nguvu, hunguruma. Uzito wa kitufe chini ya kidole ndio jambo ambalo mwanafunzi hulizoea kwa miaka mingi, na ndio usiopatikana katika vinanda vingi vya umeme vya bei nafuu. Hata piano ndogo ya kuegemezwa ukutani huwa na uzani wa kilo 200 hivi au zaidi. Nyuzi zake hulegea kwa mabadiliko ya joto na unyevu, hata ikalazimu fundi azikaze upya angalau mara moja kwa mwaka.

Natoa maelezo haya kwa sababu yana uzito katika hoja yetu. Gitaa mtoto aweza kulibeba mgongoni. Filimbi aweza kuitia mfukoni. Piano haibebeki. Huhitaji jengo, fundi, na mlango unaofunguliwa kwa saa zinazojulikana. Ndiyo maana mpiga piano, zaidi ya mwanamuziki mwingine yeyote, aghalabu huwa ama mtoto wa tajiri aliyenunuliwa chombo nyumbani, ama mtoto wa shule iliyomfungulia mlango. Njia ya tatu ni nadra mno.

Hata hivyo, chombo peke yake hakitoshi. Vidole vya mpiga piano hurithi kutoka kwa vidole vya mwalimu. Ludwig van Beethoven alimfunza Carl Czerny mjini Vienna Czerny akiwa angali mtoto. Czerny alipokua alijitoa kwa kazi ya ualimu, na miongoni mwa waliomjia ni mvulana kutoka Hungaria aitwaye Franz Liszt, ambaye alimfunza bila kumtoza ada. Liszt akawa mpiga piano mashuhuri mno wa zama zake, na uzeeni akawa akiwafunza vijana waliomfuata Weimar, naye pia bila malipo. Mazoezi aliyoyaandika Czerny yangali yanatumiwa na wanafunzi hadi leo. Huo ndio mnyororo. Ukiukata mahali pamoja, majina yote yaliyo mbele yake hupotea, na hakuna atakayejua kwamba yalipotea.

Tena tusidanganyike kwamba maisha ya mpiga piano ni makofi na maua. Chopin, ambaye muziki wake ulikuwa ukivisumbua vidole vya binti yule, alipiga mbele ya umma takribani mara 30 tu katika maisha yake yote. Alikula kwa jasho la kufunza, akiwapokea wanafunzi mmoja mmoja nyumbani kwake mjini Paris. Clara Schumann, aliyepanda jukwaani akiwa mtoto na kuendelea kwa takribani miaka 60, alianza kufunza katika chuo cha muziki cha Frankfurt mwaka wa 1878. Kwa hiyo, anayesema kwamba fulani ni mpiga piano, na mwalimu wa muziki pia, hataji kazi mbili. Anataja kazi moja yenye milango miwili: mmoja huelekea ukumbini, na mwingine huelekea darasani.

Msomaji atasema hao ni Wazungu, na mambo yao si yetu. Natuvuke basi mpaka wetu wa kaskazini twende Addis Ababa, kwa maana hapo kuna maisha ya watu wawili yanayotufundisha mengi kuliko Vienna na Paris.

Wa kwanza ni mtawa Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Alizaliwa mwaka wa 1923 katika familia yenye jina na uwezo. Akiwa na umri wa miaka sita alipelekwa shule ya bweni nchini Uswisi, na huko ndiko alikojifunza fidla na piano. Italia ilipoivamia Ethiopia, familia yake ilichukuliwa mateka na kupelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Asinara. Baada ya vita alisoma mjini Cairo kwa mwalimu kutoka Poland, Alexander Kontorowicz, akifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku. Baadaye ilijitokeza nafasi ya kusomea London, lakini akanyimwa ruhusa ya kwenda. Msiba huo ulimvunja moyo hata akaugua, na alipoinuka aliingia utawani, akaishi miaka kumi katika monasteri mlimani Gishen Mariam. Rekodi yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1967, na mapato ya muziki wake aliyatoa kwa ajili ya kuwasaidia wahitaji. Dunia ilimgundua upya mwaka wa 2006, rekodi zake zilipotolewa katika mfululizo wa Éthiopiques, naye amekwisha timiza miaka 80. Alifariki Jerusalem mwezi Machi mwaka wa 2023 akiwa na miaka 99.

Wa pili ni Girma Yifrashewa, aliyezaliwa mwaka wa 1967 katika jiji hilohilo. Yeye hakupelekwa Uswisi. Utotoni alipiga kirar, zeze la Kihabeshi. Piano aliigusa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 16, alipoingia shule ya muziki ya Yared. Hebu tulitazame jambo hilo vizuri: miaka 16 ni umri wa kijana wetu wa Gredi ya 10. Kutoka Yared alipata ufadhili wa kwenda kusoma katika chuo cha muziki cha Sofia, nchini Bulgaria. Alipomaliza masomo alirudi nyumbani, na kuanzia mwaka wa 1995 hadi 2001 alikuwa mwalimu wa piano katika shule ileile ya Yared iliyompa mwanzo. Tangu hapo amepiga katika kumbi za nchi nyingi, na mwaka wa 2014 albamu yake ya Love and Peace ilitolewa Marekani. Katika tungo zake mwenye sikio husikia mahadhi ya Kihabeshi yakitembea juu ya vitufe vya Kizungu bila kuona haya.

Tuwaweke wawili hawa kwenye mizani. Emahoy alikuwa na kila kitu isipokuwa taasisi. Mali ya jamaa ilimpeleka Uswisi na Cairo, lakini mlango mmoja ulipofungwa hapakuwa na mwingine nyumbani wa kubisha, na Afrika ikakaribia kumpoteza mmoja wa wapiga piano wake bora. Girma hakuwa na Uswisi, lakini alikuwa na shule ya muziki kwao, yenye piano na mwalimu. Shule hiyo ilimpokea akiwa amechelewa, ikamtoa akiwa msanii, kisha ikampokea tena akiwa mwalimu. Hilo ndilo jibu la swali la binti wa Njiru. Kinachohitajika ni shule. Swali linalobaki ni kama sisi tunayo.

Sisi Wakenya hatukuanza mikono mitupu. Chuo kinachoitwa leo Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa Nairobi mwaka wa 1944, na okestra ya Nairobi mwaka wa 1947. Tamasha la muziki la Kenya, ambalo kila mwalimu anayesoma hapa amepata kulisikia kama si kulishiriki, lilianza mwaka wa 1927. Lakini tukumbuke kwamba taasisi za wakati ule zilizaliwa katika jiji lililogawanywa kwa rangi. Mitaa ya Mashariki ilitengewa vibarua, na piano ikawekwa upande mwingine wa mji. Ukoloni uliondoka, na chuo kikafungua milango yake kwa wote, ila umbali haukuondoka. Mtoto wa Njiru angali analazimika kulivuka jiji kwa matatu ili aguse piano halisi, na akifika huko sharti awe na karo.

Wapo wanaodhani muziki ni pambo tu la sherehe. Nawakumbusha mwaka wa 1963. Nchi ilipokaribia uhuru ilihitaji wimbo wa taifa, na waliokabidhiwa kazi hiyo ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, wakaupangilia sauti na kuutia maneno hata ukawa wimbo tunaousimamia asubuhi gwarideni. Kazi kama hiyo haifanywi kwa uzalendo mtupu. Yahitaji mtu ajuaye kuandika noti na kupanga sauti. Senoga-Zake, aliyezaliwa Uganda, alikuwa mwalimu wa muziki, naye baadaye aliandika kitabu kuhusu muziki wa asili wa Kenya kilichochapishwa mwaka wa 1986. Omondi alikuja kuwa mhadhiri wa muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Taifa lilipopiga hodi, walimu wa muziki walikuwapo nyumbani. Je, likipiga hodi leo litamkuta nani?

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, muziki ulitahiniwa katika KCPE pamoja na sanaa na ufundi. Mimi nilikuwa miongoni mwa walimu waliofunza somo hilo. Tuliwafunza watoto kusoma noti, kutofautisha mapigo, kutaja ala za jamii zetu na namna zinavyochezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karatasi hiyo iliondolewa katika mtihani. Somo halikufutwa, lilibaki kwenye ratiba, limeandikwa kwa wino ukutani. Lakini mwalimu mkuu alitaka alama, wazazi walitaka alama, nami nikautwaa ule muda wa muziki nikaufanya wa hisabati. Nilifanya hivyo wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyenishtaki. Watoto wenyewe walizoea, hata ikawa nikiingia na vitabu vya hisabati saa ya muziki hawanung'uniki.

Katika shule hiyohiyo, ambayo sitaitaja, palikuwa na piano kuukuu iliyotolewa na mfadhili. Iliwekwa stoo kwa kisingizio cha kuihifadhi. Juu yake yakapangwa madawati yaliyovunjika, kisha magunia ya maharagwe. Panya wakaingia, wakala nguo laini inayofunika nyundo. Nilikuwa na ufunguo wa stoo hiyo kwa miaka mitatu, wala sikuufungua mfuniko wa piano hata mara moja. Siandiki haya ili nijipige kifua. Nayaandika kwa sababu najua kwamba wako walimu wenzangu wenye ufunguo kama huo hivi sasa.

Leo tumo katika mtaala wa umilisi. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipangiwa kuingia sekondari pevu Januari 2026. Kwa mujibu wa mtaala huu mwanafunzi huchagua mmoja wa mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Muziki umo katika mkondo wa tatu. Kwa maneno mengine, serikali imesema kwa kalamu yake kwamba mtoto aweza kusomea muziki hadi mwisho wa sekondari bila kuitwa mvivu. Hatua hiyo yastahili pongezi, nami naitoa bila kinyongo.

Lakini mkondo usio na maji ni mfereji mkavu tu. Si kila sekondari pevu inayofunza sanaa, na hata inayofunza sanaa si lazima iwe na mwalimu wa muziki, seuze piano. Katika mitaa yetu ya Njiru, Ruai, Kayole na Dandora, mwalimu humshauri mtoto achague mkondo kwa kuangalia kile ambacho shule inacho, si kile ambacho mtoto anacho. Matokeo yake ni kwamba watoto wa shule zenye uwezo watauchagua muziki kwa kupenda, na wa kwetu watauacha kwa kukosa. Miaka kumi ijayo tutaambiwa kwamba watoto wa Eastlands hawana mwelekeo wa sanaa.

Huo utakuwa uongo, na ushahidi tunao karibu. Mwaka wa 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha mradi wa Ghetto Classics kule Korogocho, katika uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, jirani na jaa la taka la Dandora. Watoto ambao hawajawahi kuona fidla walifunzwa kuishika, wakafunzwa kusoma noti, wakaunda okestra. Wengine walikua wakawa walimu wa wadogo zao. Maji ya Korogocho si tofauti na ya Njiru, wala watoto wake hawana vidole vya ajabu. Tofauti ni kwamba pale mtu alileta vyombo na walimu, akafungua mlango, na akaendelea kuufungua mwaka hadi mwaka. Ila mradi wa mfadhili hauwezi kuwa badala ya shule ya umma. Mfadhili huchagua mtaa mmoja. Serikali haina haki ya kuchagua.

Kuna hoja tatu ninazozisikia kila ninapolizungumza jambo hili. Ya kwanza ni kwamba piano ni chombo cha kigeni. Ni kweli kilitoka ng'ambo, kama ilivyotoka kandanda, na kama ilivyotoka chaki niliyoishika miaka yote hii. Mghana J. H. Kwabena Nketia na Mnaijeria Akin Euba waliandika muziki wa piano uliojengwa juu ya midundo ya Kiafrika, na Wahabeshi wetu wawili wamefanya hivyohivyo kwa mahadhi yao. Isitoshe, ingia kanisa lolote hapa Njiru siku ya Jumapili. Kinanda kimo. Suala si kama tutakipiga au la, kwani tunakipiga tayari. Suala ni kama tutakipiga kwa kujua. Vijana wengi wanaopiga makanisani wamejifunza kwa sikio, huzoea mkao mmoja wa vidole, na wimbo ukipandishwa au ukishushwa hubonyeza kitufe kinachobadilisha sauti badala ya kubadilisha vidole. Wana masikio makali kupita kiasi. Wamekosa mwalimu tu.

Hoja ya pili ni kwamba simu na intaneti zimechukua nafasi ya mwalimu. Binti yule alikwisha ijibu: simu haimwambii akikosea. Video humwonyesha mkono wa mtu mwingine, lakini haiuoni mkono wake yeye, haioni kifundo kilichokakamaa ambacho kikiachwa hivyo kwa miaka miwili kitamletea maumivu na kumzuia kuendelea.

Hoja ya tatu ndiyo ya mama mboga, nami naiheshimu kuliko zile mbili. Kinanda kitaleta unga? Jibu la ukweli ni kwamba jukwaa peke yake huenda lisilete. Halikumtosha hata Chopin. Wanaoishi kwa kupiga piano ukumbini ni wachache duniani kote. Lakini anayejua piano vizuri na akajua kuifunza ana kazi mkononi: kanisani, shuleni, katika kwaya, studio za kurekodia, harusini, na nyumbani kwa watu wanaotaka watoto wao wafunzwe. Ikiwa mkondo wa sanaa ni wa kweli, basi nchi itahitaji walimu wa muziki kwa mamia, na mtu atakayeijaza nafasi hiyo miaka kumi ijayo sasa hivi yuko Gredi ya 9. Yawezekana yuko kanisani hapa Njiru akihangaika na vitufe 61. Mama huyo hakosei kuuliza juu ya unga. Tutakuwa tumekosea sisi tukimfunza bintiye nusu kazi, au tusipomfunza kabisa, kisha tuseme kinanda hakilishi.

Nifanyeje basi, atauliza mwalimu mwenzangu asiye na bajeti? Kwanza, fungua stoo. Shule iliyo na chombo cha muziki, hata kikiwa kibovu, na ikitoe, ikikague, iite fundi. Pili, shule za eneo moja zishirikiane. Si lazima kila shule ya Njiru iwe na piano. Lakini shule moja iliyo katikati yaweza kuwa na piano ya umeme yenye vitufe 88 vyenye uzito, ambayo haihitaji kukazwa nyuzi, na chumba chake kifunguliwe baada ya masomo na siku ya Jumamosi kwa watoto wa shule zote jirani. Tatu, tume inayoajiri walimu impe mwalimu mmoja wa muziki ruhusa ya kuzunguka katika shule kadhaa kwa wiki, badala ya kumpangia shule moja na kumjazia vipindi vya masomo mengine. Nne, viongozi wa makanisa wenye vinanda wakubali mtoto wa jirani afanye mazoezi siku za wiki, kwani chombo kinachopigwa Jumapili tu hulala siku sita.

Tano, na hili ni letu walimu peke yetu: tuuheshimu muda wa muziki ulioandikwa kwenye ratiba. Hakuna waraka wa wizara unaohitajika ili mwalimu aache kuiba saa. Mimi niliiiba, nami najua kwamba alama za hisabati za wanafunzi wangu hazikupanda kwa sababu hiyo. Kilichotokea ni kwamba watoto walisoma hisabati wakiwa wamechoka zaidi.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya, kama una hamu ya chombo chochote, usingoje hadi dunia ikuandalie njia. Jifunze kusoma noti, zile za do-re-mi za kwaya na zile za mistari mitano pia, maana karatasi na kalamu hazihitaji umeme. Mtafute anayejua kuliko wewe umwombe akusikilize. Kisha, ukishajua kidogo, mfunze mdogo wako kidogo hicho. Girma Yifrashewa alianza piano akiwa na miaka 16. Hujachelewa.

Juma lililofuata nilirudi kanisani pale. Nilimweleza mchungaji nilichokiona, akakubali mlango uachwe wazi Jumatano na Jumamosi jioni. Mimi si mpiga piano. Vidole vyangu ni vya chaki. Lakini noti nazijua, na masikio yangali yanasikia. Kwa hiyo huketi kando ya binti yule nikimwambia pale anapokosea, hadi apatikane mwalimu anayestahili kuketi mahali pangu. Mamake hupita akitoka sokoni, husimama mlangoni na mzigo wake, husikiliza kidogo. Hajaniuliza tena juu ya unga. Nadhani anangoja kuona kama shule nayo itafungua mlango wake, na ana haki ya kungoja jibu hilo kutoka kwetu.